Bip Haikamatwi

Mama yangu aliponiuliza ile kazi inayonikalisha mbele ya kompyuta siku nzima ni kazi gani, nilimweleza vizuri, kwa adabu, kama binti aliyesomeshwa. Nilimwambia: mteja ana mzigo wake unatoka Lubumbashi. Mzigo ukifika hapa Likasi, karani anabonyeza kitufe, na papo hapo simu ya mteja inalia, bila yeye kufungua ukurasa wowote, bila kuja kuuliza. Mama alikuwa anasonga bukari. Akageuza mwiko, akafikiri kidogo.

"Njo bip, basi."

"Hapana, mama. Siyo bip. Ni notification, ya temps réel."

"Inalia?"

"Inalia."

"Kisha inanyamaza, hakuna muntu anasema?"

"Eeh, lakini..."

"Ni bip. Miezi yote ile weye uko natengeneza bip."

Nilikasirika, mimi nakasirika haraka, kila mtu kwenye avenue yetu anajua. Nilichukua sahani yangu nikaenda kula kwenye kizingiti. Nilikuwa nimejifunza usiku kwa usiku kufanya kitu kile, peke yangu, na courant, umeme wetu wa kwenda na kurudi, na mama yangu Philomène alikuwa amekimaliza kwa neno moja.

Nafanya kazi gani? Mimi ni Blandine wa agence ya Fika Salama. Tunapokea vifurushi vya Lubumbashi na Kolwezi: samaki wakavu, nguo za harusi, dawa, vipuri vya pikipiki. Ukurasa wa agence kwenye internet niliujenga mimi, na ulikuwa ukurasa wa kuulizwa. Ukitaka kujua mzigo wako uko wapi, unaufungua, unaandika namba, unasoma "bado". Baada ya muda unaufungua tena. Bado. Watu walichoka, wakaamua ni heri kuja wenyewe, wakajaa mbele yetu wameegemea meza kutoka asubuhi. "Yangu imefika?" "Bado." "Hata sasa?" Patron wetu, Philippe, alisema siku moja kwamba wateja watamaliza mbao ya comptoir yake kwa viwiko. Akaniambia nitafute njia mashine iseme ya kwanza, watu wakae kwao wangoje kwa amani.

Kazi yote ya notification ni hiyo: kumwondolea anayengoja taabu ya kuuliza. Nilikuwa naijua taabu ile vizuri sana. Kwetu ilikuwa imelala ndani.

Mdogo wangu anaitwa Carlos. Tuko wawili tu kwa mama, na baba hayuko tena. Carlos alikuwa anavunja mawe ya chokaa Kakontwe, anarudi mweupe kuanzia nyusi mpaka vidole vya miguu, anacheka, anasema amezeeka kabla ya baba mkubwa. Halafu asubuhi moja, mimi niko kazini, akaondoka. Wenzake walikuwa wamepata gari la kuvuka Kasumbalesa, kwenda Zambia, na kutoka Zambia chini mpaka Afrika Kusini. Hakunipitia agence. Hakuniaga. Na unajua alifungia vitu vyake wapi? Ndani ya sac yangu! Sac yangu ya kompyuta, mkoba mzuri wa ngozi, niliyoinunua kwa mshahara wangu wa kwanza. Nilirudi jioni nikakuta kompyuta imelala uchi juu ya kitanda.

Kabla hajaondoka, pale kwenye mlango wa parcelle, uwanja wa nyumba yetu, yeye na mama walipatana kuhusu bip. Kwa wale wasioishi kwetu: bip ni kumpigia mtu na kukata kabla hajapokea. Haigharimu kitu. Kila nyumba ina mapatano yake; kwa wengine bip ni "nimefika", kwa wengine ni "nipigie", kwa wachumba ni mambo yao. Sheria ni moja tu, na mtoto wa miaka mitano anaijua: bip haikamatwi. Ukiipokea umemla mwenzako crédit, salio lake la simu, na crédit yenyewe pengine ndiyo ya mwisho. Bip unaisikia, unaiacha ilie, unajua.

Mapatano yao sikuambiwa. Nilichojua ni kwamba Carlos akitoka kazini kule, wakati jua linaelekea chini, anambipa mama. Mimi saa ile huwa niko agence, gari la mwisho la Lubumbashi ndilo linaingia, kwangu kufika nyumbani na mwanga ni bahati. Nikirudi mama ananipokea na habari yake: "Mudogo yako amebipa. Iko muzima."

Na mimi namjibu: "Na sac yangu, iko muzima?"

Tulikwenda hivyo siku nyingi. Kisha mvua za kwanza zikaanza, na jioni moja mama hakusema kitu. Kesho yake hakusema. Nilipiga mimi mwenyewe ile namba ya kule. Yule mama wa mtandao akajibu kwamba haipatikani, kwa sauti yake ileile nzuri ya mtu aliyeshiba. Nimempigia yule mama mara nyingi kuliko nilivyowahi kumpigia mtu yeyote. Mvua zikaisha, baridi ikaja na vumbi lake jekundu, ikapita, maembe yakaanza kufunga, na namba bado haipatikani.

Nilikuwa na hamu na Carlos mpaka nikawa namchukia. Nasema kama ilivyokuwa. Nilikuwa nikiona kijana yeyote mwenye mgongo mrefu kwenye barabara ya stesheni naharakisha nimpite nimtazame uso, halafu namtukana moyoni kwa sababu si yeye. Na kilichonichoma ni kwamba mama alipata bip zake, alipata kuagwa kwenye mlango. Mimi nilipata nini? Kompyuta uchi juu ya kitanda.

Mama ndiye aliyeisha zaidi. Aliacha kuimba. Aliwasha mbabula, jiko letu la makaa, mapema, akapika haraka, akaizima, akaingia ndani kukaa kwenye kiti chake karibu na buffet, kabati la vyombo, ambapo simu inalala. Ukimwongelesha anaitika "eeh" kabla hujamaliza.

Sasa, notification. Kompyuta yangu ilikubali mapema; shida ni simu za wateja wetu. Mteja wa Fika Salama hana simu ya bei. Ana simu iliyopasuka kioo, ya mkono wa tatu, yenye mega za internet za kuhesabu. Nilihitaji simu ya namna hiyo ya kujaribia, na ilikuwepo, ile niliyompa mama nilipopata yangu mpya. Nikaitilia mega, nikaifungulia ukurasa wetu, nikaipa ruhusa, nikairudisha juu ya buffet kwenye chargeur. Mama nilimwambia: "Nimetia ile mambo ya kazi ndani, usishangae." Akasema "eeh". Kisha nikaandika kwenye seva jaribio moja dogo: kila siku, wakati gari la mwisho linapoingia, itume ujumbe kwa ile simu. Ting, mara moja. "Mzigo wako umefika." Nikirudi usiku naitazama simu, naona ujumbe umeingia, naufuta, nafurahi na kazi yangu.

Na mama akaanza kubadilika.

Kwanza nilisikia harufu ya kitunguu nikiwa bado kwenye mlango wa parcelle. Alikuwa amekaanga sombe, majani ya muhogo, kama zamani, na samaki ndani. Siku nyingine nikamkuta anaimba wimbo wa kanisa huku anaosha sufuria. Kisha, juma moja hivi baadaye, nikaona kwenye meza sahani ya tatu, imefunikwa na sahani nyingine, sehemu ya Carlos. Sikuuliza. Nilidhani ni novena, maana wamama wa parokia walikuwa wameanza moja. Nikasema ndani yangu, Mungu asifiwe, kama sala inamrudishia mama hamu ya kula, na waendelee kusali.

Kazini kulibaki jambo moja lililonisumbua, na lilikuwa dogo kabisa. Kama simu ya mteja imezimwa, ujumbe haupotei. Seva inaushika, inangoja simu iwake. Lakini lazima uiambie ingoje mpaka lini. Unaandika muda, na muda ukipita seva inautupa ujumbe ule, inahesabu kwamba huyu mtu hayuko tena. Philippe alisema siku mbili zinatosha sana. Nilikaa mbele ya mstari ule, vidole juu ya vitufe, sikuweza kuandika. Nikaruka, nikasema nitarudi.

Tukaanza kujaribu na wateja wenyewe. Niliwasajili wengine wengi, kila mmoja kwenye simu yake. Asubuhi gari likaingia limejaa, karani akabonyeza, mimi nikaona kwenye kioo cha kompyuta yangu: imetumwa, imefika, imetumwa, imefika. Nikapiga makofi peke yangu. Philippe akatoka kusimama kwenye mlango na mikono kiunoni kungoja watu waje kuchukua mizigo.

Hakuja mtu. Mizigo ikajaa mpaka njia ya kupita ikafungwa. Mchana simu ya agence ikaanza kulia, inalia kidogo inakatika, inalia inakatika. Namba hii, namba ile. Jioni akaingia Mama Mwadi, muuza samaki, mteja wetu wa tangu mwanzo, amekasirika, kitambaa cha kichwa kimekwenda upande.

"Beye bantu ba Fika Salama, muko namuna gani? Munanibipa asubui, minye nangoja munipigie. Nikabipa na minye. Hakuna! Samaki yangu njo ile inanuka pale?"

"Mama, haikuwa bip," nikasema. "Ulipashwa kuifungua. Maneno iko ndani."

"Kufungua?" Alinitazama kama nimemwambia avue nguo. "Bip haikamatwake! Unataka nikule crédit ya muntu? Mama yako hakukufundisha?"

Philippe alianza kucheka, akacheka mpaka akakaa juu ya gunia. Mji mzima ulikuwa umesikia simu zikilia, na mji mzima, kwa adabu, ulikuwa umeziacha. Nami nilitaka kucheka. Mdomo ulikuwa umefunguka tayari. Halafu neno la Mama Mwadi likanirudia, mama yako hakukufundisha, na cheko likaishia palepale.

Mama. Ting moja, kila siku, wakati uleule. Sombe. Wimbo. Sahani ya tatu.

Nilimwambia Philippe naumwa kichwa, nikakimbia. Nilifika nyumbani jua bado halijaingia, nikasimama nyuma ya ukuta wa jirani kama mwizi. Mama alikuwa nje kwenye mbabula, anasonga, amefunga kitenge chake cha Jumapili siku ya kazi. Na simu ikalia ndani. Ting.

Mama akaacha mwiko ndani ya bukari. Mama yangu, mwenye magoti mabaya, anayeomba nimshike mkono akipanda ngazi ya kanisa, alikimbia. Kitenge kimeshikwa kwa mkono mmoja, ndala moja imebaki njiani. Kwa dirisha nilimwona amefika kwenye buffet, amesimama mbele ya simu. Hakuigusa. Alikaa pale kichwa ameinamisha kidogo, anasikiliza, ingawa haikuwa inalia tena. Kisha akarudi polepole, akaokota ndala, akaendelea na bukari yake.

Niliingia kama mtu anayetoka kazini. "Mama, kuko habari?"

"Imelia," akasema, na uso wake ulikuwa laini.

Nikafungua mdomo nimwambie. Nakuapia nilifungua mdomo. Lakini wakati ule baba mkubwa Dominique akapiga hodi.

Huyu ni kaka mkubwa wa baba yetu, ndiye anayeshika familia sasa. Alikaa, akanywa maji, akaulizia afya ya kila mtu, akaweka kofia yake juu ya goti. Nilijua anakuja na neno zito kwa namna alivyokawia.

"Philomène," akasema, "mwaka inaenda kuisha. Sisi bote tunamupenda ule mutoto. Lakini muntu hawezi kungojewa vile, bila mwisho. Siku ya Mungu familia itakuya hapa. Tuseme messe, tufanye kilio, batu balale hapa siku mbili, roho yake ipumuzike. Na weye pia upumuzike."

Kilio! Viti kwenye uwanja, moto, wamama wamelala kwenye mikeka, picha ya Carlos imewekwa ua. Nilitaka kumrukia. Mama alisema tu, "Bakuye, baba. Bakuye tusikilizane," akaenda kutoa sahani, zikiwa nne jioni ile, na ya Carlos ikiwa imefunikwa.

Siku zilizobaki sikulala vizuri. Philippe aliniambia tunaanza rasmi Jumatatu, kwa hiyo nitoe majaribio yote kwenye seva na niandike kwa herufi kubwa juu ya ujumbe: HII SI BIP, FUNGUA, HAILI CRÉDIT. Niliandika. Yalipofika majaribio, niliyafuta yote, likabaki moja. Nilijua kinachotakiwa. Ukweli ulikuwa mstari mmoja, nilikuwa nimeuandika mwenyewe, ningeweza kuufuta kwa kidole kimoja na kwenda kumwambia mama: haikuwa yeye, ilikuwa mimi. Na baada ya hapo familia ingefika, na mama asingekuwa na kitu chochote cha kuwajibu. Kuufuta ilikuwa kumzika Carlos. Kuuacha ilikuwa kumdanganya mama yangu kila jioni. Nilifunga kompyuta, nikaiacha.

Jumapili niliomba ruhusa. Walikuja wengi, tuliazima viti vya plastiki kwa majirani mpaka tukaazima na benchi ya chapelle. Baba mkubwa alisema maneno yake tena, vizuri, kwa upole, na wengine wakatikisa kichwa. Shangazi mmoja akaanza kupanga nani ataleta unga na nani makaa. Mama alikaa kwenye kiti chake karibu na buffet, mikono juu ya magoti. Hakubisha. Hakulia. Mwanga kwenye dirisha ukaanza kuwa wa njano, na mimi niliyekuwa najua kinachokuja sikuacha kuutazama.

Ting.

Mama akasimama. Akawatazama mmoja mmoja, akasema neno moja:

"Munasikia?"

Baba mkubwa aliinuka nusu kwenye kiti. "Njo Carlos? Carlos anabipa?" Mama alikuwa ameweka mkono kifuani, hakujibu. "Blandine, lete ile téléphone nione."

Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Niliichukua. Kwenye kioo kilichopasuka kulikuwa na maneno yangu mwenyewe: Mzigo wako umefika. Kidole changu kikayafuta kabla kichwa hakijaamua.

"Imekwisha kukatika, baba mukubwa," nikasema. Haikuwa uongo, ilikuwa imekatika.

"Mupigie, basi! Mupigie!"

Nikapiga namba ya Carlos mbele ya wote, nikaweka sauti kubwa. Yule mama aliyeshiba akajibu, haipatikani. "Ni réseau ya kule," akasema mtu. "Kule kwenye migodi ya chini hakuna réseau, muntu anatafuta mahali pa juu, anabipa, anashuka," akaongeza mwingine ambaye hajawahi kufika hata Kitwe. Wakaanza kusema wote kwa pamoja. Shangazi wa unga na makaa alipiga kigelegele. Baba mkubwa Dominique, mtu yule mgumu, alivua kofia akajifuta nayo uso, akakaa nayo hapo usoni muda mrefu.

"Hakuna kilio," akasema alipoitoa. "Aksanti, Mungu. Minye sikukuwa nataka."

Walikunywa chai, wakaondoka wakicheka. Nilibaki na mama tunaosha vikombe nje, yeye anaosha, mimi napanguza. Kwenye kikombe cha tatu au cha nne nikashindwa kuficha.

"Mama. Ile inalia kila jioni, siyo Carlos. Ni minye. Ni ile kazi yangu, nilikuwa najaribu. Unisamehe, mama."

Akaendelea kuosha. "Ninajua."

"Unajua nini?"

"Ninajua ni weye. Tangu siku ya pili." Akanipa kikombe. "Siku ya kwanza nilikimbia, nikasimama pale, nangoja ya pili. Haikukuya. Kesho yake nikakimbia tena, nikangoja ya pili. Haikukuya. Nikasema, aah, ni mashini ya Blandine."

"Ya pili gani?"

"Carlos alikuwa anabipa mara mbili."

Nilisimama na kikombe mkononi. Mimi sikuwahi kuwa nyumbani saa ile. Sikuwahi kuzisikia hata mara moja.

"Sasa kama ulijua, juu ya nini ulikuwa unakimbia? Nilikuona, mama! Na magoti yako ile!"

"Juu ya kukimbia." Alisema kana kwamba nimeuliza kitu cha kitoto. "Mwaka muzima nakaa kwa ile kiti, hakuna kitu cha kunisimamisha. Sasa inalia, na kabla kichwa yangu ikumbuke ni weye, miguu inakuwa imeisha kwenda. Ile njia ya kutoka kwa mbabula mpaka kwa buffet, Blandine, mutoto wangu iko muzima. Nikifika pale, njo ninakumbuka. Lakini ile njia ni yangu."

Machozi yalikuwa yanaingia kwenye chai iliyobaki.

"Na baba mukubwa?" nikasema mwishowe. "Umemudanganya baba mukubwa."

"Nilimuuliza kama anasikia. Alisikia." Akakung'uta maji mikononi. "Kama Carlos iko muzima, ao hapana, minye sijui. Na Dominique hajui. Siku mutu ataniletea habari, nitalia, na mutanishika. Lakini sitalia mutoto wangu juu tu mwaka imeisha."

Kwa majirani walikuwa wanakuja kuchukua viti vyao. Nilifikiri amemaliza.

"Ile ya pili ilikuwa yako," akasema.

"Nini?"

"Bip ya pili. Pale kwa mulango aliniambia: mama, ya kwanza yako, ya pili ya yaya Blandine. Umuambie sac yake nitaileta."

"Mama! Na hukuniambia?"

"Ulikuwa na kasirani. Kila jioni nakuambia mudogo yako amebipa, weye unaniuliza sac. Nikasema, acha, siku ataacha kuuliza sac, nitamuambia, atafurahi." Aliinama akachukua beseni. "Kisha bip yenyewe ikaisha. Sasa ningekuambia namna gani?"

Alimwaga maji kwenye mizizi ya mpapai, akaingia ndani.

Nilikaa kwenye kizingiti mpaka benchi ya chapelle ikachukuliwa. Siku zote zile, kule mbali, mdogo wangu alikuwa ananipigia. Alikuwa anakata, anapiga tena, ile ya pili kwa ajili yangu, na mimi niko kwenye comptoir namwambia mtu "bado". Nilikuwa nimemnunia mtu anayeniita kila siku. Ninamtaka Carlos. Aje na sac au bila sac, aje mweupe kwa vumbi, aniite yaya kwa ile sauti yake ya kuomba kitu. Sina neno lingine la kuweka hapo.

Jumatatu tulianza rasmi. Mama Mwadi alifungua ujumbe wake mbele yangu kwa kidole kimoja, huku amefumba jicho, akangoja crédit iliwe, haikuliwa, akachukua samaki wake. Philippe aliniuliza kama majaribio yametoka yote. Nikamwambia yote ya kazi yametoka. Kisha akauliza ule mstari niliouruka, simu ikiwa imezimwa, seva ingoje mpaka lini. Nikamwambia nimeuandika tayari: muda mrefu kuliko wote ambao mashine inakubali. Akasema ni ujinga, nani atazima simu muda wote huo na mzigo wake uko hapa? Nikamwambia aniache.

Jioni ile niliondoka gari la mwisho halijaingia, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi pale. Mama alinikuta nimekaa karibu na mbabula, nimeshika bakuli la unga. Alisonga, mimi nikamwongezea unga. Jua likafika kwenye paa la jirani.

Simu ikalia. Mama akaacha mwiko, huyo akaenda, ndala moja ikabaki.

Kisha ikalia mara ya pili, kama nilivyoiandika asubuhi, kwa mikono yangu mwenyewe, na nilijua kabisa ni mimi. Nilikimbia.